Je, Wajua? Picha za Barabarani Moshi Zina Kalenda Yake

Je, wajua kwamba rangi ya picha za Tingatinga haikauki kama kanga iliyoanikwa kambani? Kanga ikishapoteza maji imekauka, basi. Rangi ya mafuta ina hatua mbili. Kwanza thina inaruka. Halafu mafuta yaliyobaki yanaanza kunyonya oksijeni ya hewani, pole pole, mpaka yanageuka gamba gumu linalong'aa. Hatua hii ya pili ndiyo inayomtesa mchoraji wa Moshi mwezi wa Aprili. Hewa ikiwa ya baridi na imejaa unyevu, gamba linachelewa kushika. Umande nao ukitua juu ya rangi ambayo haijakaza, mng'ao unafifia na picha inabaki na ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa.

Sasa mweke mchoraji huyo kwenye chumba cha kupanga Soweto. Siisemi ile ya Johannesburg, nasema kata ya Manispaa ya Moshi. Chumba ni kimoja, na picha zimeegemezwa ukutani, juu ya kabati, mpaka chini ya kitanda. Kila moja inapitiwa zaidi ya mara moja: kwanza rangi ya nyuma, kisha umbo la mnyama, kisha mistari, mwisho vidoti. Huwezi kumtia chui madoa wakati mgongo wake bado unanata. Januari, jua likiwa kali, picha aliyoianza jana anaweza kuiendeleza leo. Masika anaigusa kwa ncha ya kidole, anatikisa kichwa, anairudisha ukutani. Rangi imeshanunuliwa, kodi ya chumba inahesabika, na picha haiuziki kwa sababu haijakauka.

Mtindo wenyewe hauna hata miaka mia. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini kabisa mwa Tanzania, akaenda Dar es Salaam kutafuta maisha kama vijana wengine wa kusini. Alianza kuchora mwaka 1968. Vifaa vyake vilikuwa vile vilivyopatikana dukani kwa bei nafuu: hadibodi ya kujengea na rangi ya kupakia baiskeli. Picha alizipanga nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walikuwa wakifika kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 ukasajiliwa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga pale pale Dar es Salaam.

Umewahi kujiuliza kwa nini picha nyingi za zamani za Tingatinga ni za mraba? Jibu liko kwa fundi seremala. Hadibodi nzima ina futi 4 kwa 8. Ukiikata kwa futi 2 kila upande unapata vipande 8 sawasawa, na hakuna hata kimoja cha kutupa. Mraba ule ambao wakusanyaji wa sanaa wa Ulaya wanautazama kwa heshima ulizaliwa na hesabu ya mtu asiyetaka kupoteza ubao. Mimi naona hilo linampa Tingatinga heshima zaidi, halimpunguzii kitu.

Baadaye hadibodi iliachiwa nafasi ndogo, wachoraji wakahamia kitambaa. Sababu ni ndege. Mgeni hawezi kuweka mbao sita ndani ya sanduku, lakini kitambaa kinakunjwa. Muuzaji naye alifaidika: anatembea na picha arobaini begani, anazifungua moja moja kama mtu anayefunua kurasa za kitabu kikubwa, na mvua ikianza anazikunja kwa mara moja na kukimbilia kibarazani.

Mwaka una misimu mingapi?

Mtu wa Moshi atakutajia masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Muuzaji wa picha pale karibu na mnara wa saa anahesabu kwa njia nyingine. Kwake mwaka una vilele viwili. Kimoja kinaanza Juni kikafika Oktoba, kingine kinaanza sikukuu za Krismasi kikafika mwanzo wa Machi. Hiyo ndiyo miezi mikavu, watu wanapopanda mlima kwa wingi. Katikati yake kuna vuli ya Novemba, ambayo inavumilika, na masika ya Machi hadi Mei, ambayo haivumiliki. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Ukanda wa msitu juu ya mji, upande huu wa kusini, unapokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa inamwagika katika miezi hiyo michache.

Mwisho wa kilele cha pili una tarehe yake, nayo ni Kilimanjaro Marathon. Mbio hizi zilianza mwaka 2003 na hufanyika Jumapili moja mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, zikianzia na kuishia kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Ushirika. Mji unajaa wakimbiaji, nyumba za wageni zinakosa vyumba. Muuzaji anayejua kazi yake anamaliza akiba yake wiki hiyo, kwa kuwa wiki chache baadaye mawingu yatakaa juu ya mji na hatauza tena mpaka Juni.

Kuna jambo ambalo mpita njia halioni. Mgeni akifika Moshi hanunui picha. Anatazama, anasema atarudi. Hasemi uongo, anawaza mizigo, maana kesho anaanza kupanda, na mzigo wa mpagazi mlimani una kikomo cha kilo 20. Atanunua akishuka, siku ile moja aliyobakiza kabla ya ndege, akiwa amechoka, amefurahi, na amebaki na fedha kidogo. Kwa hiyo muuzaji mzuri anakumbuka sura. Anajua nani alipanda Jumatatu kwa njia ya Machame na atakuwa mjini Jumapili. Wakionana tena anamsalimia kwanza, anampa hongera ya kufika kileleni, picha zinafuata baadaye.

Na mara nyingi anayeuza siye aliyechora. Picha zinachukuliwa kwa mali kauli: mchoraji anamkabidhi muuzaji kwa makubaliano ya mdomo, malipo yatakuja zikiuzwa. Mfumo huu unafanya kazi vizuri Agosti. Aprili unakuwa mzigo wa mchoraji peke yake, kwani picha isiyouzwa haimdai muuzaji kitu. Ukitaka kujua ni nani hasa anayebeba gharama ya mvua katika biashara hii, ni yule aliyeko chumbani na brashi. Naliona hili kuwa kosa kubwa zaidi katika biashara yote, na halizungumzwi vya kutosha.

Mlima wa kwenye picha na mlima wa juu ya mji

Je, wajua kwamba unaweza kuitazama picha ya Kilimanjaro na kusema mchoraji alisimama nchi gani? Tafuta Mawenzi, kile kilele chenye meno. Mawenzi iko mashariki ya Kibo, kilele kikuu. Ukiwa Moshi unatazama kaskazini, hivyo Kibo inakuwa mkono wa kushoto na Mawenzi mkono wa kulia. Ukiwa Amboseli, Kenya, unatazama kusini, na mambo yanageuka: Mawenzi inahamia kushoto. Zile picha za tembo wakipita chini ya mlima, Mawenzi ikiwa kushoto, ni mandhari ya Amboseli, hata kama zimechorwa Soweto na kuuzwa Barabara ya Mawenzi. Mchoraji amenakili picha iliyopigwa upande wa pili wa mpaka, wakati mlima wenyewe uko juu ya paa lake.

Kuna tofauti nyingine inayouma zaidi. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kama kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2007, asilimia 85 ya barafu hiyo ilikuwa imetoweka. Lakini katika picha nyingi za barabarani Kibo bado imevaa kofia nyeupe nzima inayoshuka mpaka mabegani. Wanunuzi wanaitaka hivyo, na wachoraji wanajifunza kwa kunakili waliowatangulia, kwa hiyo mlima wa mababu unaendelea kuchorwa. Theluji mpya, ile inayoanguka usiku wa masika na kuyeyuka baada ya siku chache, inaurudisha mlima kwenye sura ya picha kwa muda. Bahati mbaya huo ndio msimu ambao mgeni hayupo na mawingu yamefunika.

Na ilikuwa masika, tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alipoiona theluji ile kutoka mbali. Taarifa yake ilipochapishwa, wataalamu wa jiografia wa London waliikataa kwa miaka mingi wakisema hakuwezi kuwa na theluji karibu na ikweta. Mchoraji wa mlima huo naye alikuja baadaye: mwaka 1898 Hans Meyer, aliyekuwa amefika kilele cha Kibo mwaka 1889, alirudi mlimani pamoja na Ernst Platz, mchoraji wa Munich, ambaye alipanda na rangi zake. Kwa hiyo kuchora Kilimanjaro kwa ajili ya macho ya wageni ni kazi iliyotangulia magari kufika Moshi.

Nta, baridi na nyufa

Batiki ina matatizo yake mengine kabisa. Fundi anayeyusha nta, anaichora juu ya kitambaa cha pamba kwa brashi, kisha anakitumbukiza kwenye rangi. Palipo na nta rangi haipiti. Anakausha, anaongeza nta, anatumbukiza tena kwenye rangi iliyokoza zaidi, na mwisho anaiondoa nta kwa maji ya moto au kwa pasi. Ile mishipa myembamba inayofanana na nyufa za udongo hutokea pale nta inapovunjika na kuachia rangi ipenye. Nta ikiwa na joto inapinda bila kuvunjika. Ikipoa inakatika. Ndiyo maana asubuhi za Julai, Moshi inapokuwa na baridi ya kuvaa sweta, ndizo nzuri kwa fundi anayetaka nyufa nyingi, na mchana wa Februari humlazimisha akiloweke kitambaa kwanza kwenye maji baridi. Masika anaathirika kama wengine wote: kitambaa kinachosubiri rangi ya tatu kinakaa kambani siku nzima na jioni bado kinatiririka.

Wapo pia wanaotengeneza kadi na picha kwa maganda makavu ya mgomba. Yale maganda yana rangi zake za asili, kuanzia ya maziwa mpaka kahawia iliyoiva sana, na fundi anakata vipande vidogo na kuvibandika viwe nyumba, ng'ombe, mama aliyebeba mkungu. Hakuna rangi inayonunuliwa. Mali ghafi iko kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, na inachumwa kiangazi, kwa kuwa ganda lililolowa linaota kuvu.

Mti mweusi na mtu wa Kibosho

Kinyago cha mpingo ukikitia majini kinazama. Mpingo ni mzito kuliko maji, na hilo ndilo jaribio rahisi kuliko yote kwa mnunuzi, maana barabarani zipo sanamu za mti mwepesi zilizopakwa dawa nyeusi ya viatu. Ukisugua kwa kitambaa chenye unyevu, kitambaa kinakwambia ukweli. Dalili nyingine ni ule ukingo wa rangi ya maziwa ambao mchongaji huuacha makusudi: mpingo ni mweusi ndani tu, nje yake mti ni mweupe.

Mti huo huo ndio unaotengenezewa klarineti na obo za Ulaya na Marekani, na unahitaji miongo mingi kabla haujafaa kuvunwa. Watu wa Moshi wana sababu ya kujivunia hapa. Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kibosho, alionekana katika filamu iliyohusu mpingo, na fundi wa mbao wa Texas, James Harris, akaiona. Wawili hao walianzisha mwaka 1996 mradi wa kuuhifadhi mpingo, wakaotesha miche Moshi na kuigawa kwa shule na vikundi vya wananchi. Chuwa alifariki mwaka 2014. Miti aliyoipanda bado ni michanga kwa kinyago, na mingine itakuwa tayari wakati wajukuu wa wachongaji wa leo watakapokuwa wazee.

Tangu Januari 2017 mpingo uko kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mgeni anayebeba kinyago kimoja viwili hana haja ya kuogopa, kwani bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 zimeachiwa. Muuzaji anayelijua hili analiokoa soko lake, kwa sababu wapo wageni wanaoacha kununua kwa hofu ya uwanja wa ndege.

Kitambulisho cha shilingi 20,000

Desemba 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho 670,000 kwa wakuu wa mikoa, ili wapewe wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Kila kimoja kililipiwa shilingi 20,000. Kwa muuzaji wa picha anayetembea, kadi ile iliyoning'inia shingoni ilimaanisha kwamba mgambo hana ruhusa ya kumfukuza. Mwaka 2021 upepo ukabadilika, machinga wakaondolewa kandokando ya barabara katika miji mingi na kupelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Moshi ni mji unaojali sana sifa yake ya usafi, na imeongoza mara kadhaa mashindano ya kitaifa, kwa hiyo hapa suala hili lina uzito wa pekee. Muuza nyanya anaweza kuhamia sokoni na wateja wakamfuata. Muuza picha hawezi, kwa sababu mteja wake haendi sokoni Mbuyuni kutafuta picha. Anaiona njiani akitoka kunywa kahawa, au haioni kabisa. Naamini mji unaweza kuwa safi na bado ukampa mtu huyu mita mbili za ukuta kihalali.

Kati ya vitambulisho hivyo na kuondolewa huko kulikuwa na mwaka 2020. Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 12 Aprili na kuziruhusu tena tarehe 18 Mei. Kwa tarehe tu, ni masika ya kawaida. Lakini Juni ilipofika wageni hawakufika, wala Julai. Msimu wa mvua uliendelea katika mifuko ya watu hata jua lilipokuwa limewaka.

Mchoraji wa Machame

Je, wajua kwamba picha iliyochorwa na mwana wa Machame iko katika Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York? Sam Joseph Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell, kisha akaenda Slade, London, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 akawa balozi wake wa kwanza Uingereza. Mkewe, Sarah Nyendwoha, Mganda, alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kuhitimu Oxford. Ntiro alifariki mwaka 1993.

Picha ya New York aliichora mwaka 1956. Haina tembo, haina simba, haina morani aliyesimama kwa mguu mmoja. Ni wanaume wanaopeleka mbege, pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku. Ntiro alichora watu wa kwao wakifanya mambo ya kwao: migomba, njia za kihambani, mikutano, kazi za pamoja. Walimu wa London hawakumtoa huko.

Ukipita leo barabara za Moshi utakuta tembo wengi kuliko walioko Amboseli, na mbege huioni. Sababu naielewa. Kalenda ya mgeni ndiyo inayolipa kodi, na mgeni anaondoka na kile alichokuja kukitafuta. Lakini mji huu una kalenda ya pili, na kila mtu anaijua. Kuanzia katikati ya Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na mbali zaidi. Magari yanapanga foleni, mbuzi wanapanda bei, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha. Na ukiingia kwenye sebule hizo, nyingine kubwa za kuvutia, ukutani unakuta saa, kalenda ya benki, picha ya harusi, picha ya Bikira Maria au ya Yesu, na kochi lenye vitambaa vilivyofumwa. Kuta nyingine ni tupu kabisa.

Hao ni wanunuzi. Wana fedha Desemba, wana ukuta, na wana kumbukumbu. Hawatamnunua tembo, maana tembo si wa kwao. Lakini mchoreeni mtu wa Old Moshi mfongo, ule mfereji wa maji uliokuwa ukipita nyuma ya kihamba cha babu yake, au gulio la Kiborloni siku ya mitumba, au kina mama wakishuka na mikungu alfajiri, huku Mawenzi ikiwa mkono wa kulia kama anavyoijua tangu utotoni, muone kama hataulizia bei. Kazi hiyo inaweza kuanza Septemba, rangi ikikauka vizuri, na Desemba ikafunguliwa barabarani ikiwa tayari. Wachoraji wa Soweto wana mkono wa kuifanya tayari. Kinachohitajika ni mmoja au wawili kuthubutu kutenga picha tano za msimu huu kwa ajili ya watu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani, akiziona, asimame.